Chujio la Mzee Mapunda

Haya nimesimuliwa na Yustina Sanga mwenyewe, aliyekuwa mlezi kule Tulizo, mwaka ule baridi ilipounguza viazi vyote vya Makambako. Alikuja kwangu kunisaidia kuchambua maharage, akavuta kigoda, na kabla ungo wa kwanza haujaisha alikuwa ameshafika katikati ya habari. Nikamwambia rudi nyuma, mama, anza mwanzo. Akaanza mwanzo. Na mimi naanzia hapo hapo.

Tulizo ni makao ya wazee, yamejengwa mlimani juu ya Mafinga, miti ya misindano imeyazunguka pande zote. Ukipita barabara ya chini huyaoni, unaona moshi wa jikoni tu. Asubuhi ya Tulizo ilianza kwa maji ya moto. Yustina alipita chumba hadi chumba na beseni, anaosha miguu, anapaka mafuta, anakata kucha zilizokauka kama magome, huku anauliza umelalaje, ndoto gani, choo kimepatikana. Mashine za kuinua watu zilikuwepo, na vitanda vyenye taa pembeni vilivyojua mapigo ya moyo ya anayelala. Taa ya kijani, salama. Ya njano, angalia. Nyekundu, kimbia. Lakini kuosha miguu mashine hazikuweza. Zilijaribiwa, wazee wakazipiga mateke.

Sasa, wengi wao masikio yalikuwa yamekwisha kabisa. Zamani mzee akiwa kiziwi ulimpigia kelele mpaka ukachoka, ukamwacha. Siku hizi anawekewa chujio. Ni punje mbili, ndogo kama za ulezi, daktari anazipandikiza chini ya ngozi nyuma ya sikio, zinakaa kwenye mfupa. Sauti ikija inapitia humo ndipo imfikie mwenyewe. Na kama chujio la chai linavyobakiza majani, hizo punje zinabakiza maneno mabaya. Mtu akisema "mzee mjinga", mzee anasikia "mzee wangu". Sauti ni ileile ya msemaji, pumzi ileile, kicheko kilekile, neno tu ndilo limebadilika. Linachelewa kidogo sana, kama mtu aliyesita kabla ya kujibu.

Usidhani lililetwa kwa ubaya. Palikuwa na Mzee Chengula, kila mwisho wa wiki mwanawe alimpigia simu kumlaani kwa ajili ya shamba. Baada ya simu mzee hali, analala ameutazama ukuta. Alipowekewa chujio, mtoto akaendelea kulaani, na baba akaendelea kusikia "ubarikiwe, baba". Mzee Chengula alinenepa. Yustina alimwona kwa macho yake, akasema kitu hiki, Mungu aliyekileta hajakosea.

Mpaka yalipomfika Mzee Gervas Mapunda.

Huyu Mapunda alikuwa Mngoni wa Mbinga, fundi cherehani mstaafu, mrefu, koti halimtoki mwilini hata jua likiwaka. Macho yalimwonyesha watu na mwendo wao, ila midomo na herufi zilishapotea ukunguni. Na chumba cha kando aliishi Bibi Adelina Kalinga, Mhehe wa Kilolo, mfupi, masikio yake mazima. Mwenyewe alisema anasikia mpaka sisimizi wakigombana. Kwa hiyo hakuwa na chujio.

Mngoni na Mhehe ni watani, hilo nani asiyelijua. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, ikabaki kutukanana. Mapunda alipofika Tulizo, sikio moja likiwa bado linasikia, mambo yalikuwa hivi kila asubuhi, Bibi Kalinga ndiye anaanza:

"Wewe mtumwa wangu, bado hujafa? Godoro lako nalisubiri."

"Nife nikuachie nani? Babu yako alimkimbia babu yangu akaacha na viatu. Hivi hapa ninavyo."

"Babu yangu alivaa viatu? Uongo huo ndio uliokuziba masikio!"

Uji ulinyweka kwa hayo. Wazee wengine walivuta viti wasogee karibu. Kisha sikio lile la pili nalo likazima, wakati wa masika, Mapunda akapandikiziwa punje. Na tangu siku hiyo wale wawili hawakukaa tena meza moja. Mapunda alihamia dirishani, akawa anatazama misindano.

Yustina alimuuliza siku moja akimkausha vidole vya miguu. "Babu, mbona siku hizi humtaki mtani wako?"

"Mtani yupi? Yule bibi amegeuka mgeni. Ananisalimu kama anasalimia mkuu wa wilaya. 'Kaka yangu mpendwa, nakutakia afya njema.' Tangu lini? Nimemkosea nini, Yusta? Kama nimemkosea aniambie."

Yustina akaenda chumba cha kando. Bibi Kalinga alikuwa ametuna kama chura.

"Namtukana mpaka mate yananikauka," akasema, "ananijibu 'asante dada, nawe pia'. Mngoni gani huyo? Afadhali angenirushia fimbo. Ameona sisi wengine si watu tena, kwa sababu ana vyuma kichwani."

Walezi walikuwa na kifaa kidogo cha sikioni cha kupimia, ukikivaa unasikia kile anachosikia mzee. Kesho yake Yustina akakivaa wakati wa uji. Bibi Kalinga akapita, akamwinamia Mapunda, akasema kwa sauti kubwa, "Mngoni, umeshazeeka mpaka nzi wanakuheshimu." Na Yustina akasikia sauti ileile ya Bibi Kalinga, yenye kamkwaruzo kake, ikisema taratibu, "Kaka, unaonekana vizuri leo." Mapunda akainamisha kichwa, akasema asante dada, nawe pia, akavuta bakuli lake upande wa pili.

Yustina alitaka kumweleza pale pale. Akamshika bega. "Babu, anakutukana bado! Anakutukana kila siku!"

Mapunda akamtazama kwa huzuni. "Najua ananipenda kila siku. Umesema kweli. Na ndilo tatizo lenyewe."

Basi Yustina akaenda kwa meneja, Bwana Lyatuu, mtu wa Machame, mpole, anayekula chakula kilekile cha wazee. Bwana Lyatuu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Dada Yusta, chujio halijui mtani na adui," akamwambia. "Linajua maneno. Nikiliruhusu 'mtumwa' lipite kwa Bibi Kalinga, limepita kwa kila mtu. Nikiliruhusu 'utakufa', mtoto wa Chengula naye anapita. Nifungue nani, nifunge nani?"

Yustina akarudi kwenye beseni lake.

*

Kuna siku moja, Alhamisi, picha ya mtu ikatokea kwenye ukuta wa ofisi. Ni Fidelis, mtoto wa kwanza wa Mapunda, anapiga kutoka Mwanza. Macho mekundu. Bwana Lyatuu akamwita Yustina aje asikie naye, kwa kuwa ndiye mlezi wa mzee.

"Shangazi Kola amefariki," Fidelis akasema. "Asubuhi hii. Presha. Tunazika Jumamosi, Mbinga."

Skolastika, waliyemwita Kola, alikuwa mdogo wake Mapunda, wa mwisho kubaki katika watoto wa mama yao. Mapunda alimbeba mgongoni akiwa mtoto, akamshonea gauni la kipaimara, akamshonea la harusi. Yustina alimjua vizuri. Kila mwezi alikuja Tulizo na mwavuli wake, jua au mvua, mguu mmoja unaburuta kidogo kwa sababu aliwahi kuanguka na baiskeli. Kabla ya kukaa alikung'uta kiti kwa ncha ya khanga, hata kiwe kisafi namna gani, kisha anamchoma kaka yake goti kwa mwavuli, anasema, "Sogea, fundi." Wazee wote waliucheka mwendo ule, na Bibi Kalinga ndiye aliyeucheka kuliko wote.

Yustina akasema, "Pole sana, kaka. Nitamwandaa mzee."

"Hapana." Fidelis akasogea karibu mpaka paji la uso likajaa ukutani. "Baba asijue. Nawaomba. Mama alipofariki alidondoka pale pale, akalazwa miezi miwili, daktari akatuambia pigo la pili hatalivumilia. Mna chujio, sivyo? Basi lichuje. Akiuliza Kola asikie Kola yuko safarini. Kwani atapungukiwa nini? Mazishini hawezi kufika hata akijua."

Yustina akamtazama Bwana Lyatuu, na Bwana Lyatuu akatazama meza.

"Mtoto ndiye msimamizi wake," akasema baada ya picha kuzimika. "Na mimi, Dada Yusta, kabla sijaja huku nilikuwa hospitali. Niliwahi kumwambia mama mmoja kwamba mwanawe amekufa. Nilimwambia vizuri, kwa upole, kama nilivyofundishwa. Akafia mikononi mwangu, neno langu bado liko hewani. Sitaki kuliona tena."

*

Ijumaa mchana Mapunda alikuwa anamenya karanga za kuchemsha. Anamenya moja anakula, anamenya nyingine anatupia kwenye kikombe cha bati.

"Hizi za Kola," akasema. "Meno yake hayawezi maganda. Jumapili si anakuja? Mwezi umeisha."

Yustina aliketi kitandani. Alikuwa amejiambia njiani kwamba hatasema neno. Lakini kikombe kile kilikuwa kimejaa nusu, na vidole vya mzee vilikuwa vinatafuta karanga nyingine kwa kupapasa. Ikamtoka.

"Babu, Kola amekufa."

Mapunda akasita kidogo, ule usitaji wa chujio. Kisha uso mzima ukachanua.

"Ahaa! Amepata nafasi ya kupumzika? Afadhali. Anafanya kazi kama punda yule. Akirudi mwambie asisahau ule ulezi anaoniletea."

Yustina alisema alijiona kama aliyeua mtu. Maana sauti iliyompa mzee furaha ile ilikuwa yake. Chujio lilichukua pumzi yake na kamtetemo kake ka kulia, likamtengenezea uongo ambao yeye mwenyewe asingeweza kuusema vizuri hivyo.

Hapa nieleze kitu. Kila mlezi wa Tulizo alivaa bangili, na kwenye bangili kulikuwa na kidoa cha kubonyeza walichokiita mlango wa moto. Nyumba ikiungua, huwezi kumwambia mzee "moto, toka" halafu asikie "leo kuna joto". Kwa hiyo ukikibonyeza kidoa kwa kidole, chujio la aliye mbele yako linafunguka, maneno yanapita yalivyo. Ukitoa kidole linafunga. Na ukikibonyeza tu, ofisini kengele inalia. Kukitumia pasipo moto ni kufukuzwa kazi, na hilo kila mlezi aliambiwa siku ya kwanza.

Yustina akaweka kidole juu ya kidoa bila kubonyeza. Akamwangalia mzee, shingo nyembamba, mshipa unacheza. Akamfikiria yule mama aliyefia mikononi mwa Bwana Lyatuu. Neno moja tupu, likidondoka kwenye kifua kile kama jiwe kwenye chungu. Akakitoa kidole.

Mapunda akatupia karanga nyingine kikombeni.

*

Alipotoka, Bibi Kalinga alikuwa amesimama mlangoni mwake, mikono kiunoni.

"Humu ndani kuna msiba," akasema, "na mimi sijaitwa."

"Bibi, nani kasema?"

"Ukuta huu ni ubao tu, mwanangu. Nimesikia ulivyomwambia, na nimesikia alivyofurahi." Akamvuta ndani, akafunga. "Tena nashukuru nimesikia. Miezi mingapi nimemnunia yule mzee? Kumbe ni hicho chuma. Yaani mimi natukana, yeye anapelekewa baraka!"

"Nilitaka kukuambia, bibi, nikaona utaumia."

"Na wewe umekuwa chujio?"

Yustina akashika mlango atoke.

"Sikiliza," Bibi Kalinga akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mngoni akifiwa, anayekwenda kumwambia ni nani? Si mtoto wake. Mtoto ana machozi yake mwenyewe. Anakwenda mtani. Anaingia na vituko, anavaa sufuria, anamwigiza marehemu, mpaka mfiwa anacheka na kulia pamoja, na moyo haupasuki. Wewe Mkinga, kwenu hampo hivyo?"

"Tupo hivyo hivyo. Na mazishi ni kesho."

"Basi. Kesho wanamzika Kola na mimi nipo chumba cha pili, nakunywa chai? Nitajibu nini kwa wenzangu?"

"Fidelis amekataza. Na Bwana Lyatuu. Bibi, akianguka je? Akifa je?"

Bibi Kalinga akakaa kitandani, miguu haikufika chini. Alifikiri kweli, Yustina alisema, hakujibu kwa pupa.

"Anaweza kufa," akasema. "Sitakudanganya. Lakini kesho akianguka, upo wewe, nipo mimi, yupo daktari hapo chini. Siku atakayojijulia mwenyewe, labda fundi amekuja kusafisha hivyo vyuma, au kikombe cha karanga kimejaa kikaota ukungu na Kola haji, siku hiyo atakuwa na nani? Mimi nitakuwa nimeshakufa. Na atajua kwamba sisi wote tulijua."

Yustina akaangalia bangili yake.

"Maneno hayatapita, bibi. Utapiga kelele atasikia salamu."

Bibi Kalinga akatabasamu, meno yake matatu. "Mwanangu, mtani kwenye msiba anahitaji maneno? Nitafutie unga. Na mwavuli."

*

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo kule Mbinga jeneza lilikuwa linatolewa ndani, Yustina akamketisha Mapunda kwenye kiti chake, akamweka vizuri, akahakikisha taa ya kitanda inamsoma hapo alipo. Kijani. Akavaa kifaa cha kupimia. Akafungua mlango.

Bibi Kalinga akaingia kinyumenyume. Uso umepakwa unga mpaka kope, sufuria kichwani, shuka limefungwa kiunoni kwa kamba ya kuanikia nguo. Bila kuomba akamvua Mapunda koti, akaligeuza ndani nje, akalivaa yeye, mikono ikaning'inia mpaka magotini.

"Mtumwa wangu!" akapiga kelele. "Leo nimekupata!"

Kwenye sikio la Yustina chujio likasema, "Kaka yangu, nimefurahi kukuona."

Mapunda akakodoa. Halafu kitu kikatokea usoni mwake ambacho Yustina hakukiona tangu masika. Akacheka, kicheko cha tumboni.

"Mhehe! Koti langu! Mwizi! Yusta, umemwona? Amerudi! Mtani wangu amerudi!"

Bibi Kalinga hakucheka. Akaenda mlangoni, akajilaza chini, kizingiti chote akakiziba, mikono ameikunja kifuani, macho amefumba. Akalala kimya.

Kicheko cha Mapunda kikapungua, kikawa kikohozi, kikaisha. Kama wewe ni wa huku unajua. Mtani anaweza kukuibia koti siku yoyote. Lakini kujipaka unga na kujilaza njiani, akukatalie kupita mpaka umpe kitu, hilo hafanyi siku yoyote.

"Dada," Mapunda akasema taratibu. "Mbona umelala hapo?"

"Umefiwa, Mngoni! Njia nimeifunga! Marehemu hapiti bila mimi!"

"Leo ni siku njema," chujio likasema. "Tutakula pamoja."

Taa ikageuka njano.

Mapunda akajishika masikio yote mawili, akatikisa kichwa kama mtu aliyetoka mtoni. "Masikio yananiambia mambo ya harusi," akasema. "Macho yananionyesha msiba. Yusta. Nimwamini nani?"

Yustina alikuwa amesimama kati ya kiti na kitanda.

Bibi Kalinga akainuka. Akavua sufuria, akachukua mwavuli uliokuwa umeegemezwa nje. Akaanza kutembea kumwendea Mapunda, mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Akafika kwenye kigoda cha wageni. Akashika ncha ya shuka lake, akakikung'uta kile kigoda, kisafi kama kilivyokuwa, akageuza kichwa upande kukikagua, akakikung'uta tena. Akakaa. Kisha akanyoosha mwavuli, akamchoma mzee goti, polepole.

Nje mtu alikuwa anakata kuni, nalo shoka likasikika.

"Kola," Mapunda akasema.

Hakuuliza. Kisha akauliza. "Yusta? Ni Kola?"

Na taa ikawa nyekundu. Yustina anasema aliiona nyekundu ile ikimulika ukutani, akajua akikaa kimya hata sasa, mzee atabaki peke yake na jambo ambalo macho yamemwambia na masikio yote ya Tulizo yanalikana. Akaweka kidole kwenye kidoa. Akabonyeza. Chini ofisini kengele ikaanza kulia.

"Ndiyo, babu. Kola amefariki. Alhamisi asubuhi. Wanamzika sasa hivi."

Safari hii mzee hakusita. Maneno yalifika wakati uleule yaliposemwa. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka, mkono ukaenda kifuani. Yustina alitaka kumrukia, lakini Bibi Kalinga alikuwa ameshafika, amemkumbatia kichwa, uso wa unga umegusana na upara wake.

"Lia, mtumwa wangu," akamwambia sikioni. "Lia mpaka Mbinga wakusikie. Ila kamasi usinipangusie kwenye koti, koti hili sasa ni langu."

Kilio kikatoka. Ndani ya kilio kikatoka kicheko kimoja kilichovunjika, kikarudi kuwa kilio. "Mwizi," Mapunda akasema. "Mwizi wa Kihehe. Kola alinikataza nisikuamini."

"Kola mwenyewe alikuwa anachechemea kama kuku mgeni, kamba mguuni."

"Alianguka na baiskeli yangu! Nilimwambia asipande!" Akalia tena, kwa mwili wote, na yule bibi mfupi akawa anayumba naye.

Bwana Lyatuu akaingia mbio, na mkoba wa dawa. Akaiona taa, akamwona mzee, akaiona bangili.

"Dada Yusta! Toa kidole!"

"Sitoi."

"Utamuua! Toa kidole nakuambia!"

Mapunda akainua uso. Alikuwa hajawahi kumsikia Bwana Lyatuu akipiga kelele, miezi yote ile alimsikia mnyenyekevu tu.

"Nani anauawa?" akasema. "Bwana mkubwa, mimi nimefiwa. Sijafa."

Bwana Lyatuu akasimama na mkoba wake. Akapiga magoti, akamshika mzee kiwiko, akamwekea kidonge chini ya ulimi, akahesabu mapigo kwa vidole vyake mwenyewe kana kwamba taa haipo. Akakaa hivyo muda mrefu. Nyekundu ikafifia, ikawa njano. Kijani haikurudi siku ile.

"Alikuwa na miaka mingapi?" Bwana Lyatuu akauliza mwishowe.

"Sabini na moja. Mtoto mdogo," akasema Mapunda.

"Pole sana, mzee. Pole kwa msiba."

"Asante. Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole." Akajifuta na mkono wa shati. "Kaa. Kuna karanga."

Bwana Lyatuu akala karanga za Kola, mbili, akizitafuna kama dawa. Aliposimama alimwambia Yustina bila kumtazama, "Fidelis nitampigia mimi. Kesho saa mbili uje ofisini."

"Nitakuja."

Alifika mlangoni, akageuka, akaitazama bangili, na kidole kilichokuwa kimeanza kuwa cheupe. Akaenda kuizima kengele.

*

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya misindano, Bibi Kalinga alikuwa ameshaburuta godoro lake kutoka chumba cha pili na kulitandika sakafuni. Walezi wawili walitaka kumsaidia akawafukuza. Msibani halali mtu kitandani, akasema, isipokuwa mfiwa, tena kwa sababu mifupa yake ya Kingoni ni laini.

"Umenichukulia koti, sasa umekuja na godoro kabisa," Mapunda akasema kutoka kitandani. "Unahamia?"

"Nalinda urithi wangu. Ukifa usiku niwe karibu."

"Sifi. Nitaishi nikukomeshe."

"Ishi basi. Nani amekukataza?"

Kisha Mapunda akawahadithia, mara Kola mtoto mgongoni anamkojolea, mara Kola bibi arusi anakataa gauni kwa sababu mkono mmoja ni mfupi, na kweli ulikuwa mfupi, yeye fundi alikosea vipimo na hakukubali mpaka leo. "Nakubali," akasema. "Ulikuwa mfupi." Yustina alikaa kwenye kile kigoda cha wageni, kidole kwenye kidoa, mkono umelalia goti. Kilikuwa kimekufa ganzi tangu saa ile. Alifikiri juu ya saa mbili ya kesho. Alifikiri juu ya Mzee Chengula upande wa pili wa ukumbi, anayelala vizuri kila siku kwa sababu ya kitu kilekile, na akaona hana neno la kumwambia Bwana Lyatuu litakalowatosha wazee wote wawili.

Maneno ya Mapunda yakawa marefu, yakawa mafupi, yakakatika. Akalala mdomo wazi.

"Sikia anavyokoroma," Bibi Kalinga akanong'ona. "Kama trekta la mkopo." Akajivutia lile koti mpaka kidevuni, akajikunja, na punde naye akawa anakoroma.

Yustina akabaki anawasikiliza. Akajiambia atakaa kidogo tu, endapo mzee ataamka na kuuliza. Kichwa kikaegemea mguu wa kitanda. Mkono ukalegea, kidole kikateleza, na chujio likafunga. Lakini halikuwa na la kuchuja, ilikuwa mikoromo tu, ya Mngoni na ya Mhehe, na baada ya kitambo kidogo ya Yustina pia.